Taaluma za Wanawake na Lugha ya Kiswahili: Funzo Kutokana na Shule ya Kiangazi ya NOISE

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii humtarajia mgeni awe na kitu mkononi. Makala haya yananuia kuchunguza kitu ambacho mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kupeleka katika shule ya kimataifa ya taaluma za wanawake, mbali na kile anachokwenda kuchukua. Swali hili si dogo. Aghalabu mwanafunzi kutoka Afrika huingia katika mabaraza ya aina hiyo akiwa mtoa mifano tu: huulizwa habari za mila za kwao, kisha wengine wakaziundia nadharia. Akirejea nyumbani, hulazimika kumweleza nyanya yake kwa mizani iliyotengenezwa mahali pengine.

Mfano unaorejelewa hapa ni NOISE, shule ya kiangazi inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi.

2.0 Chimbuko na Utaratibu

Jina NOISE ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha mtandao wa taaluma za wanawake zinazovuka mipaka ya somo moja barani Ulaya. Kifupisho chenyewe husomeka kama neno la Kiingereza lenye maana ya kelele. Mtandao huo ulikua chini ya mpango wa Erasmus, ambao Jumuiya ya Ulaya iliuanzisha mwaka 1987 ili wanafunzi waweze kusoma katika nchi jirani. Mwaka uliofuata, 1988, Rosi Braidotti akawa profesa wa kwanza wa taaluma za wanawake katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Braidotti alizaliwa Italia, akalelewa Australia na kusomea Paris. Yamkini safari hizo ndizo zilizompa mazoea ya kuuliza jambo moja kwa lugha kadhaa. Shule ya kiangazi yenyewe ilianza katika miaka ya 1990.

Utaratibu wake wa kawaida ni mwepesi kueleza. Wanafunzi wa uzamili na uzamifu kutoka nchi mbalimbali hukutana. Matini husomwa kabla ya safari. Mihadhara hutangulia, semina za makundi madogo hufuata, na mwishoni mwanafunzi huandika insha ya kitaaluma. Wahadhiri hutoka katika vyuo na masomo tofauti, hivi kwamba mwanafunzi wa fasihi huketi meza moja na wa sheria au wa historia.

Ikumbukwe kwamba Afrika haikusubiri kualikwa. Chama cha wanawake wa Afrika wanaofanya utafiti kuhusu maendeleo kiliasisiwa Dakar mwaka 1977. Nairobi iliandaa mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake mnamo Julai 1985. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha idara ya taaluma za wanawake mwaka 1991, nalo baraza la CODESRIA, lenye makao yake Dakar, likafungua chuo chake cha kila mwaka cha jinsia mwaka 1994. Kwa hivyo, mwanafunzi anayetoka Afrika Mashariki kwenda Utrecht anatoka mahali penye mjadala kwenda penye mjadala mwingine.

3.0 Mahali pa Msemaji

Dhana mojawapo iliyo kiini cha taaluma hizi ilitolewa katika mji huohuo wa Utrecht. Tarehe 1 Juni 1984, mshairi Mmarekani Adrienne Rich alitoa mhadhara katika kongamano lililokuwa sehemu ya shule ya kiangazi ya semiotiki. Hoja yake ilikuwa kwamba neno "wanawake" haliwezi kutamkwa kana kwamba halina mahali. Anayelitamka ana mwili, ana rangi na ana nchi. Ni lazima aviwajibikie kabla ya kuwasemea wengine. Mhadhara huo unafahamika kama msingi wa siasa ya mahali.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1989, mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliipeleka hoja inayokaribiana na hiyo katika uwanja wa sheria. Alichambua kesi ya wanawake Waamerika weusi ambao mnamo 1976 walishindwa katika shtaka lao dhidi ya kampuni ya magari. Mahakama iliona kwamba kampuni iliajiri wanawake, nao walikuwa weupe. Tena iliajiri weusi, nao walikuwa wanaume. Waliosimama kwenye njia panda ya ubaguzi huo wa aina mbili hawakuonekana na sheria. Hapa ndipo inapodhihirika kwamba uainishaji wa maneno unaweza kumnyima mtu haki.

4.0 Tatizo la Istilahi

Suala la lugha limewasumbua Wazungu wenyewe. Braidotti amesisitiza kwamba utengano baina ya umbile la kiume au la kike na majukumu ambayo jamii huyajenga juu ya umbile hilo umekitwa katika lugha ya Kiingereza, na hauhamishiki kwa urahisi katika Kifaransa au Kiitaliano. Katika Kijerumani, neno moja, Geschlecht, hubeba maana zote mbili.

Kiswahili nacho kina mgogoro wake. Wapo wanaotumia "jinsi" kwa umbile na "jinsia" kwa uhusiano wa kijamii. Hata hivyo, "jinsi" pia ni namna au njia ya kutenda jambo, na katika mazungumzo ya kila siku "jinsia" hutumiwa kwa maana zote mbili. Mwanafunzi asiharakishe kuuona utata huu kuwa ni upungufu wa Kiswahili pekee.

Muhimu zaidi ni ushahidi uliomo katika sarufi yenyewe. Mwaka 1997, Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí alidai kwamba jamii ya kale ya Wayoruba wa Oyo ilipangwa kwa misingi ya umri wala si ya jinsia, na akataja viwakilishi vya lugha hiyo visivyobainisha mume na mke. Kiswahili kinafanana na Kiyoruba katika jambo hili: "yeye" ni yeyote, na kiambishi "a-" hakibagui. Lakini je, kutobagua huko katika viwakilishi ni usawa? Tazama kitenzi "oa". Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na baba humwoza bintiye. Mke anayesemwa kuwa amemwoa mumewe huwa amekejeliwa. Vilevile, mkono wa kulia huitwa mkono wa kuume, na wa kushoto huitwa wa kuke. Na kila mlaji katika sinia anajua ni upi uliopewa heshima. Lugha inayonyamaza katika kiwakilishi inasema katika mnyambuliko. Huu ni mchango wa kinadharia, na hauwezi kutolewa na asiyekijua Kiswahili.

5.0 Mwana Kupona Katika Semina

Siasa ya mahali inaweza kujaribiwa kwa Utendi wa Mwana Kupona. Msomaji wa haraka huona humo mafunzo ya utiifu kwa mume, akaufunga mjadala. Atakayeuliza mahali pa msemaji atapata maswali zaidi. Mtunzi alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyepambana na Sultani wa Zanzibari. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima. Aliyekuwa akizungumza ni mama aliyejua kwamba huenda hatakuwapo, akimwachia mtoto wa kike maarifa ya kuishi katika nyumba za wenye mamlaka. Mwaka 1991, Ann Biersteker aliurejelea utendi huu kwa kuuliza habari za lugha na uwezo uliomo ndani yake. Utiifu unaofundishwa haufutiki kwa uchambuzi huo. Ila sasa unasomwa pamoja na aliyeufundisha, na sababu zake.

6.0 Hitimisho

Imebainika kwamba shule ya kiangazi ina thamani pale inapomlazimisha kila mshiriki kutaja anaposimama. Mwanafunzi wa Kiswahili anasimama juu ya utajiri wa utendi, methali na sarufi. Inapendekezwa kwamba vyama vya wanafunzi viandae semina za aina hiyo nyumbani wakati wa likizo, kwa Kiswahili, zikiwakutanisha wanafunzi wa fasihi, isimu na sheria. Agosti ya Utrecht ni kiangazi, na ya Nairobi ni kipupwe. Mjadala unaweza kuendeshwa katika majira yote mawili. Istilahi hazitakomaa kwa kusubiri kamati. Zitakomaa zikitumiwa, zikipingwa na kurekebishwa na watu wanaozihitaji.