Nyumba ya Shamba Iliyookolewa na Maji

Mwishoni mwa miaka ya 1960 bonde moja katika jimbo la Kent, kusini-mashariki ya Uingereza, lilikuwa likitayarishwa kuwa bwawa la maji, liitwalo Bough Beech. Ndani ya bonde hilo, karibu na kijiji cha Chiddingstone, ilisimama nyumba ya shamba yenye umri wa miaka mia tano na zaidi, jina lake Bayleaf. Haikuachwa izame. Ilifunguliwa mti kwa mti, ikachukuliwa mpaka Singleton katika jimbo la Sussex, na mwaka 1972 ikasimamishwa tena katika makumbusho ya majengo ya kale.

Pengine msomaji atauliza, Je, nyumba yaweza kufunguliwa kama kitanda? Nyumba hii yaweza, kwa sababu ya namna ilivyojengwa. Mifupa yake ni miti ya mwaloni, na maseremala wa zama hizo hawakutegemea misumari ya chuma. Boriti ilichongwa ulimi, ulimi ukaingizwa katika tundu la nguzo, kisha kigingi cha mti kikapigwa kupenya vyote viwili. Mwaloni ulichongwa ungali mbichi, maana ukikauka huwa mgumu mno. Viungo vilipatanishwa kwanza chini, vikatiwa alama, ili siku ya kusimamisha kila mti ujue mwenziwe.

Nafasi kati ya nguzo zilijazwa fito, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Kazi ambayo haitamshangaza mtu wa Afrika ya Mashariki.

Katikati ya nyumba ni ukumbi mkubwa usio na dari, ulio wazi toka sakafu hadi paa. Dohani haikuwapo. Moto uliwashwa katikati ya sakafu, na moshi ukapanda ukajitafutia njia ya kutoka kwa juu. Madirisha nayo hayakuwa na kioo, ila nguzo nyembamba za mti na mbao za kufungia. Basi wakati wa baridi watu wa nyumbani walikuwa na hiari mbili: kufungua mbao wapate mwanga na upepo wa barafu, au kuzifunga wakae gizani pamoja na moshi. Hata mkulima mwenye mali, maana maskini hakuweza kujenga nyumba kama hii, aliishi hivyo.

Upande mmoja wa ukumbi ni vyumba viwili vya vyakula na vinywaji. Upande wa pili, uliojengwa upya mwanzoni mwa karne ya 16, ni chumba cha bwana na bibi, chenye chumba cha kulala juu yake. Orofa za pande zote mbili zimetokeza mbele kupita kuta za chini, hali ukumbi umebaki nyuma, na paa moja limefunika zote. Umbo hili ni la kawaida katika nyumba za zamani za Kent.

Vizazi vya baadaye viliongeza dohani ya matofali. Wenye makumbusho hawakuirudisha, kwani walitaka nyumba ionekane kama ilivyokuwa karne ya 16. Uamuzi huo una hasara yake, kwa kuwa dohani nayo ilikuwa historia. Lakini bila ya kuiondoa, mgeni asingeweza kusimama leo ukumbini akatazama juu mpaka kwenye makombamoyo.