Delos: Kisiwa Kisicholaza Mgeni

Kabla hujauliza nauli ya kwenda Delos, uliza boti ya mwisho inarudi saa ngapi. Kisiwa hiki kidogo cha Ugiriki hakina hoteli wala mji, na mgeni haruhusiwi kulala. Unavuka asubuhi kutoka bandari ya kale ya Mykonos, mwendo wa kama nusu saa, na siku hiyohiyo unarudi.

Tuanze na makaratasi. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Bima ya safari ilipe angalau euro 30,000. Ukiweza, nenda Mei au Septemba. Julai na Agosti jua ni kali, watu ni wengi, na upepo wa kaskazini uitwao meltemi huvuma kwa siku kadhaa mfululizo hadi boti zikafutwa. Mykonos nayo ni ghali kupita kiasi. Mimi ningelala Tinos, kisiwa jirani chenye feri ya kwenda Mykonos, ila hakikisha feri yako inatia nanga kabla boti ya Delos haijang'oa.

Delos hakuna kivuli. Beba maji ya kutosha, kofia, chakula kidogo na viatu vyenye soli imara, maana njia ni mawe matupu. Uliza pia kama nauli ya boti ina kiingilio ndani yake. Mara nyingi hizo ni tiketi mbili.

Usiku wa kuamkia safari, soma habari za kisiwa. Ukifika bila kuzijua utaona nguzo zilizovunjika tu. Wagiriki wa kale waliamini kwamba miungu yao Apollo na Artemis walizaliwa hapa. Mwaka 426 KK, ili kukitakasa kisiwa, Waathene waliyafukua makaburi yote, wakahamishia mifupa Rheneia, kisiwa cha jirani, wakaamuru kwamba tangu hapo mtu asizaliwe wala asifie Delos. Mjamzito na mahututi walivushwa. Lakini Warumi walipoifanya bandari isiyotoza ushuru, karibu mwaka 167 KK, patakatifu pakageuka soko, na biashara kubwa mojawapo ilikuwa ya watumwa. Mtu wa Zanzibar au Bagamoyo hatahitaji maelezo marefu hapo. Kisha kisiwa kikavamiwa mwaka 88 KK, na tena 69 KK, wenyeji wakatawanyika. Ndiyo sababu nyumba zao zimebaki: hakuna mji mkubwa uliokuja kujengwa juu yake.

Ukishuka botini, makundi yenye waongozaji huelekea kwa simba wa marumaru. Waache. Panda kwanza mlima Kynthos, wenye mita kama 112 tu, jua likiwa bado chini. Ukiwa kileleni utauona mpangilio mzima wa kisiwa na Rheneia ng'ambo. Unaposhuka, pitia hekalu la Isis, mungu wa Misri aliyeletwa na biashara, kisha mtaa wa ukumbi wa maonyesho. Hapa usiharakishe. Nyumba za matajiri zina ua wa ndani, matangi ya maji ya mvua na sakafu za vijiwe vya rangi. Ile ya mungu Dionysos akiwa juu ya chui peke yake inatosha kulipia nauli.

Simba waje mwisho. Walichongwa kwa marumaru ya kisiwa cha Naxos katika karne ya 7 KK, lakini wanaopigwa picha nje ni nakala. Wa asili waliosalia wamewekwa kwenye jumba la makumbusho, isipokuwa mmoja aliyechukuliwa zamani, ambaye leo yuko Venice na kichwa cha kubandikwa. Ziwa takatifu lililo mbele yao lilikaushwa miaka ya 1920 kwa sababu ya malaria.

Usiokote hata kigae.

Panga usiku mbili au zaidi eneo hilo na uiweke Delos siku ya kwanza, ili upepo ukizuia boti ubaki na siku ya akiba. Ikizuiwa tena, nenda kwenye jumba la makumbusho ya kale mjini Mykonos: vyombo vilivyozikwa upya Rheneia pamoja na mifupa ile vimehifadhiwa hapo.