Nyota Akiondoka, Nani Ana Namba?

Swali: Kwa nini timu inayotegemea nyota wawili watatu huyumba wakikosekana, hata kama benchi limejaa majina?

Benchi lililojaa na kikosi kipana ni vitu viwili tofauti. Mchezaji hujifunza kazi kwa kuifanya, tena katika mechi ngumu. Nyota akicheza kila wiki, timu nzima huzoea miguu yake: kiungo akipata mpira anamtafuta yeye, beki wa pembeni anapanda akijua pasi itamfikia, faulo na kona ni zake. Anayemsubiri benchi huingia dakika ya 85, mechi imeshaamuliwa. Siku akipewa namba, anakabidhiwa kazi ambayo hajawahi kuifanya, na wenzake hawajazoea kumtafuta.

Itazame Simba ya 2021. Ilikuwa imetwaa ubingwa wa nne mfululizo na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baada ya kuifunga Al Ahly 1-0 kwenye Uwanja wa Mkapa kwa bao la Luis Miquissone. Msimu ulipokwisha, Miquissone akasajiliwa na Al Ahly hao hao, Clatous Chama akaenda RS Berkane ya Morocco. Washambuliaji wote watatu, John Bocco, Meddie Kagere na Chris Mugalu, walibaki. Bocco alikuwa ametoka kuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, lakini msimu uliofuata hakuwemo kabisa katika mbio hizo. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote: miguu ya kufunga ilikuwepo, waliokosekana ni wa kuilisha. Oktoba, Simba iliishinda Jwaneng Galaxy 2-0 kule Botswana, kisha ikafungwa 3-1 Dar es Salaam na kutolewa Ligi ya Mabingwa kwa mabao ya ugenini. Ubingwa wa ligi ukaenda Yanga, bila kupoteza mechi. Wachezaji wapya walisajiliwa, akiwemo Pape Ousmane Sakho, na kipaji hakikuwa tatizo lake. Tatizo ni kwamba walikuja kurithi kiti ambacho hakuna aliyeandaliwa kukikalia.

Swali: Yanga walimpoteza mshambuliaji Fiston Mayele mwaka 2023 na bado wakawa mabingwa. Si suala la fedha tu?

Fedha zilisaidia, maana Pacôme Zouzoua na Maxi Nzengeli walisajiliwa msimu huo huo. Lakini fedha pekee hazielezi yaliyotokea, kwa sababu mshambuliaji aliyeletwa kumrithi Mayele hakufika mbali. Mabao yalihamia kwa viungo: Stephane Aziz Ki alifunga 21 akawa mfungaji bora wa ligi. Novemba 5, 2023, Yanga ilipoifunga Simba 5-1, wafungaji walikuwa wanne: Kennedy Musonda, Maxi aliyefunga mawili, Aziz Ki na Pacôme. Beki anayepanga kumkaba mtu mmoja angeanzia wapi hapo?

Swali: Mbona Leicester City walitwaa ubingwa wa Uingereza msimu wa 2015/16 kwa kikosi kile kile karibu kila wiki?

Kweli, na hoja hii haipaswi kupuuzwa. Ila hawakuwa na mashindano ya Ulaya, na walitolewa mapema katika vikombe vyote viwili vya ndani. Mechi moja kwa wiki huficha ufinyu wa kikosi. Timu ya Kariakoo, iwe Simba au Yanga, haina nafasi hiyo: ligi, kombe la shirikisho la ndani na safari za CAF hubanana.

Swali: Kocha afanye nini wakati nyota bado yupo?

Amtoe. Tangu 2020 sheria inaruhusu kubadilisha wachezaji watano, kwa hiyo timu ikiongoza 2-0 dakika ya 60 mpishi wa mabao apumzike, na kijana anayemsubiri apige kona zote zilizobaki. Mashabiki watanung'unika, na ninawaelewa, kwani wamelipa kiingilio kumtazama. Lakini dakika 30 hizo, zikirudiwa mechi kumi, ni saa tano za kazi halisi kwa mtu ambaye siku moja ataambiwa aanze ugenini, huku nyota akiwa na kadi au jeraha.