Somo la 14: Upatanisho wa Mahali – Mkono Uwekwe Wapi?

Mwanachuo wa Buterere hana mwamba wa kuukwea. Mtaa wake umelala katika tambarare ya Imbo, karibu na uwanja wa ndege, na milima anaiona upande wa mashariki, ikiinuka kuelekea Heha, kilele kirefu kuliko vyote nchini Burundi, chenye zaidi ya mita 2,600. Kwa somo hili twahitaji mahali ambapo miguu peke yake haitoshi. Twapapata Kilimanjaro, katika njia ya Machame. Msafiri akiondoka kambi ya Barranco hukabiliwa na ukuta wa mwamba unaokwewa kwa mikono na miguu, kwa kawaida bila kamba, na pana sehemu moja nyembamba ambapo hulazimika kuukumbatia mwamba ili apite. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, bado kiko mbali.

Tuchukulie kwamba kiongozi anamwelekeza msafiri hivi:

“Shika hapo juu, pamekauka. Usikanyage huko kushoto, kuna changarawe. Ingiza vidole humo ufani, mna nafasi ya kutosha.”

Kiongozi hakutaja umbali wala vipimo, na hata hivyo msafiri ameelewa mambo matatu tofauti. Kiambishi PA- kimemwonyesha nukta mahususi, penye upana wa kiganja. KU- kimemwonya juu ya upande mzima usio na mipaka dhahiri. MU- kimempeleka ndani. Kiongozi angesema “kuna” mara zote tatu, sentensi zake zingeeleweka darasani. Ukutani, msafiri angebaki akipapasa.

Sasa linganisha:

(a) Ukutani pale pamelowa.
(b) Ukutani kule kumelowa.
(c) Ukutani mle mmelowa.

Nomino haikubadilika. Kiambishi tamati -ni hutuambia tu kwamba panatajwa mahali. Ni mahali pa namna gani, hilo huachiwa kionyeshi na kitenzi. Katika (a) ni doa moja la kuepukwa, katika (b) afadhali kutafuta njia nyingine, na katika (c) maji yamo ndani ya nyufa, ingawa uso wa mwamba waweza kuwa mkavu. Angalia pia kwamba “mmelowa” likisimama peke yake laweza kumaanisha “ninyi mmelowa”. Kionyeshi “mle” ndicho kinachoondoa utata, kwa hiyo usikidondoshe.

Hapa msemaji wa Kirundi ana faida na mtego kwa pamoja. Kirundi hutanguliza alama ya mahali kabla ya nomino: ku musozi, mu nzu. Tofauti ya KU na MU anaijua tangu utotoni, ila amezoea kuisikia mwanzoni. Ndiyo maana wanafunzi wengi huandika *ku mlima, umbo ambalo pia husikika katika Kiswahili cha mitaani Bujumbura na mashariki mwa Kongo. Si uzembe. Ni mfumo ule ule wa Kibantu, uliobaki na umbo lake mbele ya nomino. Katika maandishi sanifu twataka mlimani, lakini mwalimu anayechora mstari mwekundu bila kueleza tofauti hiyo atauchora tena wiki ijayo. Kosa la *kwenye ukutani ni jepesi zaidi: chagua kwenye ukuta au ukutani.

Zoezi

1. Kamilisha kwa pana, kuna au mna: (i) Pangoni humu ____ giza. (ii) Bondeni kule ____ ukungu. (iii) Hapa ukingoni ____ jiwe linalotikisika.

2. Mfunge mwenzako kitambaa machoni, kisha mwongoze kutoka mlangoni hadi ubaoni, katikati ya madawati, kwa sentensi zenye PA-, KU- na MU- peke yake. Hairuhusiwi kumshika. Akigonga goti, andikeni sentensi iliyomgongesha na muisahihishe pamoja.