SOMO LA AFYA: KWA NINI CHUNUSI HUVIMBA?



Vijana wetu wengi hutoka chunusi usoni. Wengine huzikamua kwa kucha. Wengine hujisugua kwa sabuni ya kufulia, au hupaka mkorogo. Na wapo watu wasemao kijana huyo ni mchafu, au ana tabia mbaya. Hayo si kweli. Leo tujifunze chunusi huvimbaje, ili tujue la kufanya.

Mafuta na bakteria

Katika ngozi mna vitundu vidogo vya kutolea mafuta. Mtu akibalehe, mafuta huongezeka. Kitundu kikizibwa na mafuta na ngozi iliyokufa, chunusi huanza. Mle ndani wamo bakteria wapendao mafuta. Bakteria hawa huishi kwenye ngozi ya kila mtu, hata yule aogaye mara tatu kwa siku.

Mlinzi na filimbi

Mwili una walinzi, kama sungusungu wa kijiji. Walinzi hao ni seli nyeupe za damu, pamoja na seli za ngozi yenyewe. Juu ya seli hizo mna vipokezi. Kazi ya kipokezi ni kutambua vijidudu. Kimoja huitwa kipokezi cha Toli namba 2. Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba bakteria wa chunusi huamsha kipokezi hicho.

Kikiamshwa, ni kama filimbi imepigwa. Seli hutoa kemikali za kuita wenzao. Seli nyeupe huja mbio. Mahali pale huvimba, hupata joto, huuma na kutunga usaha. Basi uvimbe ule ni kazi ya walinzi wetu wenyewe. Lakini sungusungu wakija wengi gizani, hata ua wa mwenye nyumba huvunjika! Ndivyo makovu na madoa meusi yanavyobaki.

Tufanye nini?

1. Tusikamue. Ukikamua, kitundu hupasukia ndani, bakteria husambaa, na filimbi hulia zaidi.

2. Tuoshe uso kwa sabuni laini mara mbili kwa siku, bila kusugua.

3. Tuache mkorogo. Mingine ina zebaki, ambayo huharibu figo. Mingine ina dawa za steroidi, ambazo hutuliza uvimbe kwanza, kisha chunusi hurudi kwa wingi.

4. Chunusi zikiwa kubwa na zenye maumivu, twende zahanati mapema. Zipo dawa za kupaka za kuua bakteria. Zipo na za jamii ya vitamini A, ambazo huzibua vitundu na kupunguza vipokezi vile. Zataka subira ya wiki nyingi. Mama mjamzito asitumie dawa za vitamini A, maana nyingine huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Maswali

1. Kipokezi hufanya kazi gani?
2. Kwa nini kukamua huongeza uvimbe?
3. Utamwambia nini mtu anayemcheka kijana mwenye chunusi?