Mkuki kwa Nguruwe: Je, Tunapima Damu kwa Mizani Mbili?



Vijana wenzangu, kila habari ya ugaidi ikitokea, simu zetu zinajaa maoni. Huyu anashangilia, yule analaani. Hebu leo tujiulize: tunapima kwa mizani gani?

Tuanzie nyumbani. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 walikufa, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita tu njiani. Waliofanya hivyo ni Al-Qaeda, kundi la Osama bin Laden. Katekisimu, namba 2297, inafundisha kwamba ugaidi unakwenda kinyume kabisa na haki na upendo. Hapo hakuna mjadala.

Mei 2011 makomando wa Marekani walimuua Osama huko Abbottabad, Pakistan. Washington watu walishangilia nje ya Ikulu. Rais Mwai Kibaki wa Kenya aliona ni tendo la haki kwa waliouawa. Pakistan ililalamika kwamba imeingiliwa bila ruhusa. Na Vatikano? Msemaji wake, Padre Federico Lombardi, hakuficha ubaya wa Osama, lakini alikumbusha kwamba Mkristo hafurahii kamwe kifo cha mtu.

Sasa twende Kabul, Agosti 2021. Magaidi walishambulia uwanja wa ndege, wakaua askari 13 wa Marekani na raia wengi wa Afghanistan. Siku 3 baadaye ndege isiyo na rubani ya Marekani ikapiga gari lililodhaniwa kuwa la magaidi. Walikufa raia 10, na 7 kati yao walikuwa watoto. Marekani ilikiri kosa, lakini hakuna askari aliyeadhibiwa.

Ni kweli, kuua kwa kukusudia na kuua kwa kukosea si kitu kimoja. Nia ina uzito mbele ya Mungu. Lakini jiulize: kama watoto hao 7 wangekufa Washington kwa kosa la nchi nyingine, dunia ingekubali yaishe kwa kuombana radhi tu? Wazee walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Ila tusinyooshee Marekani kidole tukadhani tumemaliza. Wapo wanaoililia Kabul lakini hawana hata neno moja kwa wafu wa Nairobi. Hiyo nayo ni mizani mbili, na Mithali 20:10 inasema wazi kwamba Bwana anaichukia. Mafundisho Jamii ya Kanisa yanakubali kwamba nchi ina haki ya kujilinda dhidi ya ugaidi, ila yanadai haki za binadamu ziheshimiwe hata katika vita hiyo.

Zoezi la wiki hii: kabla hujaandika maoni yako, badilisha majina. Weka nchi yako mahali pa ile nyingine, na mdogo wako mahali pa mtoto aliyekufa. Maneno yako yakibaki yale yale, andika. Yakibadilika, futa kwanza, kisha usali.

Ee Bwana, utupe moyo wa kuwalilia wote waliouawa bila hatia, na ujasiri wa kuuita uovu kwa jina lake, hata ukifanywa na watu wetu. Amina.