Usiliruke Neno "Kama"

SOMO LA JUMA
Maandiko ya kusoma: Zaburi 1:3-4, Mithali 25:13, Isaya 1:18, Mathayo 18:1-4, 1 Wakorintho 14:20, 1 Petro 5:8

Juma hili tunajifunza neno dogo ambalo wengi wetu tunaliruka tukisoma Biblia: neno "kama".

Wazazi wenye watoto wa gredi ya nne kwenda juu mmeshakutana nalo kwenye daftari za Kiswahili: mrefu kama mlingoti, mzito kama nanga, adimu kama kaburi la baniani. Walimu wanaiita tashbihi, yaani kufananisha vitu viwili tofauti kwa kutumia neno la kulinganisha: kama, mithili ya, mfano wa, sawa na. Ukiondoa neno hilo na kusema moja kwa moja kwamba hiki ndicho kile, hiyo sasa ni sitiari. Petro anapomfananisha Ibilisi na simba anayenguruma, ni tashbihi. Ufunuo 5:5 inapomwita Yesu Simba wa kabila la Yuda, ni sitiari.

Mtoto akikosea tashbihi kwenye mtihani, atapoteza alama moja. Muumini akikosea, hasara inaweza kuwa kubwa zaidi.

1. JAZA SAFU TATU

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo hupenda kupanga mambo kwa safu. Chora safu tatu kwenye karatasi: Nani anafananishwa? Anafananishwa na nini? Kwa sifa gani? Ujumbe uko kwenye safu ya tatu.

Tukianza na 1 Petro 5:8: Ibilisi, simba, kuwinda. Sasa nenda Mithali 28:1: wenye haki, simba, ujasiri. Simba ni yule yule, lakini sifa imebadilika. Ukimbebesha mwenye haki sifa zote za simba, itabidi useme naye anatafuta mtu wa kumrarua!

Safu hiyo ya tatu hatuijazi kwa mawazo yetu. Inajazwa na mstari wenyewe, au mistari ya jirani. Zaburi ya 1 inamfananisha mwenye haki na mti ulio karibu na maji, na inataja kwamba mti huo huzaa kwa majira yake. Haikusema huzaa kila mwezi. Kijana aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi anahitaji kulisikia neno hilo la majira. Usimwambie hana imani kwa sababu hujaona tunda mwezi huu.

2. HAKIKISHA PICHA INAJULIKANA

Zaburi hiyo hiyo inawafananisha waovu na makapi. Aliyekulia shambani akipepeta maharagwe ameelewa tayari. Mtoto wa mjini anayejua maharagwe ya kupimiwa dukani hajaelewa. Mwalimu, njoo na ungo na maharagwe yenye makapi, utoke nje na watoto, upepo ufundishe.

Theluji nayo je? Waonyeshe picha ya kilele cha Mlima Kenya, kisha uliza: hapa sifa ni baridi au weupe? Isaya 1:18 inazungumza juu ya dhambi nyekundu kusafishwa, basi sifa ni weupe. Lakini Mithali 25:13 inamfananisha mjumbe mwaminifu na baridi ya theluji siku za mavuno. Hapo sifa ni kuburudisha mtu aliyechoka na jua.

3. USIVUKE MPAKA WA SIFA

Katika Mathayo 18, Yesu anawaambia wanafunzi wawe kama watoto. Kwa sifa gani? Walikuwa wameuliza nani ni mkubwa, na mstari wa 4 unajibu: unyenyekevu. Lakini utasikia mtu akifundisha kwamba mtoto haulizi, kwa hivyo muumini naye asiulize sadaka imetumikaje, wala fundisho limetoka andiko gani. Kwanza, ni mtoto yupi huyo asiyeuliza maswali? Pili, Paulo katika 1 Wakorintho 14:20 ameweka mpaka wazi: tuwe wachanga katika uovu, lakini katika kufikiri tuwe watu wazima. Na Waberoya katika Matendo 17:11 wanasifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku wahakikishe walichoambiwa.

Wapendwa, mwaka 2023 tuliona Shakahola, kule Kilifi. Watu waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, na miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watoto ikiwemo. Sisemi walipotoshwa na tashbihi hii. Ninasema muumini aliyezoea kutouliza "imeandikwa wapi?" hana kinga. Hata mahubiri yangu, yapimeni.

KWA WALIMU WA SHULE YA JUMAPILI NA WAZAZI

- Watoto wapigie mstari neno la kulinganisha. Lakini si kila "kama" ni tashbihi. "Kama mvua itanyesha" ni sharti. "Otieno ni mrefu kama kaka yake" ni kulinganisha watu wawili tu. Tashbihi huunganisha vitu vya aina tofauti.
- Wajaze safu tatu, na waonyeshe sifa wameitoa mstari gani.
- Waseme ujumbe ule ule bila picha, kwa maneno ya kawaida.
- Watunge zao kutoka nyumbani: "Rafiki mwaminifu ni kama mtungi uliojaa siku mfereji umekauka." Kisha waulizane: kwa sifa gani?

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Someni Mithali 25:14 na 25:19, mjaze safu tatu. Ni wapi tumewahi kuwa mawingu yasiyo na mvua kwa jirani?
2. Yakobo 1:6 inamfananisha mwenye shaka na wimbi la bahari. Kuuliza swali na kuwa na shaka ya aina hiyo vinatofautianaje?
3. Ni tashbihi gani ya Biblia umekuwa ukiibebesha sifa ambayo mstari haukuitaja?

Tuombe: Bwana, tupe moyo mnyenyekevu kama wa mtoto, na akili ya mtu mzima ya kulipima Neno lako. Katika jina la Yesu, Amina.